Umeme Unaovuka Ngozi: Jinsi Vifaa vya Tiba Vilivyomo Mwilini Vinavyopata Nguvu Bila Waya

Tarehe 8 Oktoba, 1958, katika Hospitali ya Karolinska iliyo karibu na Stockholm, mji mkuu wa Sweden, daktari mpasuaji Åke Senning alimpasua kifua mgonjwa aitwaye Arne Larsson, mtu wa miaka 43. Moyo wa Larsson ulikuwa na kasoro katika njia za umeme ambazo huupa amri ya kupiga. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja, na kila mara ilibidi moyo wake uamshwe upya. Siku hiyo Senning alishona ncha za waya juu ya msuli wa moyo, akazipitisha waya hizo chini ya ngozi hadi tumboni, na huko akazika kisanduku cha mviringo kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Ndani yake mlikuwa na transista mbili na betri ndogo za nikeli na kadmi, na vyote vilifunikwa kwa epoksi iliyogandishwa. Upana wake ulikuwa milimita 55 hivi, na unene milimita 16. Ukubwa wa kopo dogo la dawa ya viatu.

Kifaa hicho kilinyamaza baada ya saa chache, kikawekwa cha pili. Tangu hapo hadi alipofariki kwa saratani mwaka 2001, Larsson alibadilishiwa vifaa vya namna hiyo zaidi ya mara 20. Aliishi miaka 43 mingine, sawa na ile aliyokuwa ameishi kabla ya kupasuliwa, na wote wawili waliomwokoa walimtangulia kufa.

Historia hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba umeme kidogo sana waweza kumrudishia mtu uhai. La pili, ambalo ndilo shabaha ya makala haya, ni kwamba mgonjwa aliyekwisha kuokolewa anaweza kurudishwa chini ya kisu mara kwa mara si kwa sababu ya ugonjwa wake, bali kwa sababu ya chombo chenyewe. Na sehemu ya chombo inayomrudisha aghalabu ni betri.

Kifaa kidogo, betri kubwa

Chombo alichopewa Larsson chaweza kuitwa kiongoza-moyo, kwa kuwa huuongoza moyo katika mapigo yake. Wagonjwa wengi hukiita kwa kifupi "betri ya moyo". Jina hilo halikukosea sana: katika viongoza-moyo vya kawaida, betri ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya nafasi yote, na elektroniki hubanwa katika nafasi iliyobaki.

Hesabu rahisi itaonyesha kwa nini. Betri ya lithi na aidini, iliyoanza kutumika katika viongoza-moyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutoa volti 2.8. Ikichukuliwa kwamba ina akiba ya ampea-saa 1, na kwamba kifaa hutumia mkondo wa maikroampea 10, yaani ampea 0.00001, basi betri itadumu:

1 ÷ 0.00001 = saa 100,000

Mwaka mmoja una saa 8,760. Kwa hiyo betri hiyo itadumu kwa miaka 11 na miezi michache. Nguvu inayotumika ni volti 2.8 mara ampea 0.00001, yaani maikrowati 28. Taa ndogo kabisa ya tochi hutumia maelfu ya kiasi hicho.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kama matumizi ni madogo hivyo, mbona betri isipunguzwe? Jibu lake ni kwamba akiba ya betri hutegemea wingi wa kemikali zilizomo, na wingi huo hutegemea ujazo. Urefu, upana na kimo vikipunguzwa kuwa nusu, ujazo hubaki sehemu moja ya nane, na miaka 11 hugeuka kuwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Transista zimepunguzwa ukubwa mamilioni ya mara tangu siku za Elmqvist. Kemikali za betri hazitii amri ya namna hiyo.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi siku hizi, kwa sababu madaktari wanapendelea upasuaji wa tundu dogo. Badala ya kufungua kifua, hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu na kukifikisha kifaa mahali pake. Mgonjwa hupona upesi, hupoteza damu kidogo, na hatari ya kuingiwa na vijidudu hupungua. Lakini kinachopita katika mshipa hapana budi kiwe chembamba kuliko mshipa. Kwa hiyo ukubwa wa betri ndio unaoamua ukubwa wa jeraha.

Sheria ya Faraday chini ya ngozi

Njia mojawapo ya kuliondoa tatizo hili ni kuiacha akiba ya umeme nje ya mwili na kuupeleka umeme ndani pale unapohitajiwa. Msingi wa njia hiyo hufundishwa katika kila darasa la fizikia la sekondari. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha volteji katika koili iliyomo ndani ya uga huo. Jambo hilo huitwa induksheni, nalo ndilo linaloendesha transfoma.

Transfoma ina koili mbili zisizogusana. Mkondo geu hupita katika koili ya kwanza na kuumba uga wa sumaku unaobadilika; uga huo hukata koili ya pili, na humo huzaliwa volteji. Katika transfoma ya kawaida chuma huuongoza uga kutoka koili hadi koili. Sasa chuma kiondolewe, koili moja ibandikwe juu ya ngozi na nyingine izikwe chini yake. Transfoma imebaki ile ile, ila ngozi imo katikati. Ngozi, mafuta na misuli si sumaku, na kwa masafa ya chini havizuii uga huo. Koili ya ndani hupokea mkondo geu, daiodi huunyoosha uelekee upande mmoja, na kifaa hupata chakula chake.

Hivyo ndivyo Elmqvist alivyofanya. Betri alizozizika tumboni mwa Larsson zilikusudiwa kujazwa upya kutoka nje, kwa koili iliyobandikwa juu ya ngozi. Yaani, kiongoza-moyo cha kwanza kuzikwa mwilini mwa mtu kilikuwa pia kifaa cha kupokea umeme bila waya.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa vyombo vichache. Waya wa shaba wenye vanishi uzungushwe mara 200 kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye upana wa sentimita 5 hivi, na koili ya pili itengenezwe vivyo hivyo. Koili ya kwanza iunganishwe na betri mbili za tochi kupitia swichi; ya pili iunganishwe na galvanometa ambayo sifuri yake iko katikati. Koili zielekezane uso kwa uso.

Swichi inapofungwa, mshale wa galvanometa utaruka upande mmoja na kurudi. Swichi ikiendelea kufungwa, mshale utatulia kwenye sifuri, ijapokuwa mkondo unapita. Swichi inapofunguliwa, mshale utaruka upande wa pili. Wanafunzi watambue kwamba si uga uliopo unaoleta umeme, bali uga unaobadilika.

Kisha wanafunzi waweke kiganja cha mkono, halafu chupa bapa ya maji ya chumvi, kati ya koili hizo. Chumvi na maji ndivyo vilivyojaa mwilini. Mradi umbali wa koili haukubadilika, mshale utaruka kama kwanza. Baadaye waongeze umbali: sentimita 1, 2, 4, kisha 8, na kuandika matokeo. Mwisho waigeuze koili ya pili kwa nyuzi 90, na wataona mshale hautikisiki.

Swichi isifungwe kwa muda mrefu, maana koili na betri zitapata joto. Umeme wa majumbani usitumiwe kamwe katika jaribio hili.

Vizuizi vitatu

Jaribio hilo dogo linaonyesha vizuizi viwili kati ya vitatu vinavyowasumbua wahandisi.

Kizuizi cha kwanza ni umbali. Umbali unapozidi sana upana wa koili inayotuma, uga wa sumaku hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, uga hubaki sehemu moja ya nane. Volteji inayozaliwa hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volteji, nguvu hubaki sehemu moja ya 64. Sentimita moja chini ya ngozi ni safari fupi. Sentimita 10, ndani ya moyo au utumbo, ni safari ya namna nyingine kabisa.

Kizuizi cha pili ni ukubwa na mwelekeo wa koili ya ndani. Volteji hutegemea eneo la koili. Upana ukipunguzwa mara 10, eneo hupungua mara 100. Tena, koili iliyoupa uga ubavu haipati kitu, kama galvanometa ilivyoonyesha.

Wahandisi hupunguza hasara hizi kwa resonansi. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea hahitaji nguvu nyingi, mradi kila msukumo uje kwa wakati wake. Vivyo hivyo, koili ikiunganishwa na kapasita huwa na masafa yake ya asili, na koili mbili zenye masafa yaliyo sawa hupokezana nishati kwa ufanisi zaidi. Njia nyingine ni kupandisha masafa, kwa kuwa uga unaobadilika upesi zaidi huzalisha volteji kubwa zaidi.

Hapo hutokea kizuizi cha tatu, ambacho galvanometa haikionyeshi, nacho ni joto. Masafa yanapopanda, maji na chumvi za mwilini huanza kuinyonya nishati na kuigeuza kuwa joto. Kifaa chenyewe nacho hupata moto, na gamba la titani linalokilinda huukinga uga usiingie, hata koili ya kupokea mara nyingi huwekwa nje ya gamba hilo. Tishu za mtu hazistahimili joto kubwa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka uso wa kifaa kilichomo mwilini usipate joto la zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi juu ya joto la mwili la nyuzi 37. Kwa hiyo kila mwenye kubuni kifaa hana budi kujiuliza maswali mawili: ni umeme kiasi gani utafika, na ule usiofika utaishia wapi.

Sikio, utumbo na moyo

Mafanikio makubwa ya njia hii yamepatikana katika sikio. Mwaka 1978, mjini Melbourne, Australia, Graeme Clark na wenzake walimpandikizia mtu mzima aliyekuwa kiziwi elektrodi nyingi ndani ya koklea, yaani ule mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa kama nyumba ya konokono. Katika vifaa vya aina hiyo vinavyotumika leo, maikrofoni na betri hukaa nje, nyuma ya sikio. Koili ndogo hushikiliwa juu ya ngozi ya kichwa kwa sumaku, ikielekeana na koili iliyozikwa chini yake. Mawimbi yale yale hubeba nishati pamoja na habari za sauti. Vizuizi vyote vitatu hapa ni vyepesi: umbali ni milimita chache, sumaku huziweka koili katika mwelekeo, na nguvu inayohitajiwa hupimwa kwa miliwati tu.

Utumbo ni mgumu zaidi. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa hukimeza. Kina upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 26, nacho hupiga picha mbili kwa sekunde kikisukumwa na utumbo wenyewe. Betri zake hudumu kwa saa 8 hivi, na picha hufikia 50,000 na zaidi. Lakini picha zaidi, taa kali zaidi, au kifaa cha kukata kipande cha tishu huhitaji umeme ambao betri hizo hazina. Na kidonge hujiviringisha njiani, hata koili yake huweza kuupa uga ubavu wakati wowote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walijibu tatizo hilo mwaka 2007 kwa kuweka koili tatu zilizokatana kwa pembe mraba, ili daima iwepo moja inayopokea. Mtambo wao uliweza kukipelekea kidonge miliwati 150.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni pampu inayousaidia moyo uliochoka kusukuma damu. Pampu hiyo huhitaji wati kadhaa. Ikitumia wati 5, ile betri iliyomtosha mgonjwa wa kiongoza-moyo kwa miaka 11 ingekwisha katika muda wa dakika 34, hata kama ingeweza kutoa mkondo mkubwa kiasi hicho. Kwa hiyo pampu nyingi hulishwa kwa waya unaotoboa ngozi ya tumbo, na tundu hilo lisilofungwa ni mlango wa vijidudu. Mwaka 2001, mjini Louisville, Marekani, mgonjwa aitwaye Robert Tools aliwekewa moyo bandia uliopokea umeme wake wote kupitia ngozi isiyotobolewa, akaishi nao siku 151. Mwaka 2019 madaktari wa Kazakhstan walichapisha habari za wagonjwa wawili waliowekewa pampu ambayo koili yake ya ndani ilikuwa kifuani, na ya nje ilivaliwa kama mkanda.

Kurudi kwa wazo la kale

Msomaji atashangaa kwamba wazo la Elmqvist, lililotangulia mengine yote, liliachwa kwa miaka mingi upande wa viongoza-moyo. Sababu yake ni betri ya lithi. Ilipopatikana betri inayodumu miaka 10, haikuwa na maana kumtaka mgonjwa akae akijazwa umeme mara kwa mara, na kumwachia jukumu ambalo akilisahau hufa.

Sasa wazo hilo linarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kiongoza-moyo kisicho na waya za moyoni, chenye uzito wa gramu 2 hivi na urefu wa milimita 26, ambacho hupitishwa katika mshipa wa paja na kupachikwa ndani ya moyo. Ndani yake imo betri, nayo ndiyo inayozuia kisiwe kidogo zaidi.

Mwaka 2014 Ada Poon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jinsi ya kupita hapo. Waliunda kifaa chenye upana wa milimita 2 na uzito wa miligramu 70, kisicho na betri, wakauongoza nacho moyo wa sungura bila waya. Badala ya koili kubwa walitumia bamba la madini lenye michoro maalumu, kwa masafa ya gigahezi 1.6 hivi. Kwa masafa hayo urefu wa wimbi hewani ni sentimita 19 hivi, lakini ndani ya misuli yenye maji mengi hupungua hadi sentimita 2.5 hivi. Kwa hiyo wimbi huweza kusafiri mwilini na kukusanywa mahali padogo, kama lenzi inavyokusanya mwanga. Walipeleka nguvu ya kiasi cha miliwati kwa kina cha zaidi ya sentimita 5, bila kuvuka mipaka ya usalama iliyowekwa kwa watu.

Wengine wameziacha sumaku na kutumia sauti ambayo sikio haliisikii. Sauti husafiri mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde hivi. Kwa masafa ya megahezi 1, urefu wa wimbi lake ni milimita 1.5 tu. Kwa hiyo kipokezi kidogo sana cha fuwele chaweza kuipokea vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka juu ya neva ya panya chembe yenye urefu wa milimita 3 iliyolishwa kwa njia hiyo. Ila sauti nayo ina adui zake, kwani hewa ya mapafu na mifupa huizuia.

Kuchagua kwa busara

Isidhaniwe kwamba kisicho na betri ndani ni bora kila mahali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam huwapandikizia wagonjwa viongoza-moyo. Mgonjwa anayerudi kijijini kusiko na umeme wa uhakika yumo salama zaidi na betri ya miaka 10 kifuani kuliko na kifaa kinachongoja koili ya nje. Kwa upande mwingine, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017. Mtoto aliyewekewa kifaa hicho husikia mradi betri ya nje ina umeme. Ikiisha, ukimya hurudi. Hakuna kisu kinachohitajika kuibadilisha, lakini lazima pawe na mtu wa kuinunua au kuijaza, leo na miaka yote ijayo. Kuhamisha betri kutoka ndani kwenda nje, basi, ni kuhamisha mzigo pia: kutoka kwa mpasuaji kwenda kwa mgonjwa na jamaa zake. Pale ambapo mzigo huo unabebeka, mwili huepushwa na kisu. Pale usipobebeka, uhodari wote wa koili hautamfaa mgonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Kifaa kidogo kina betri ya ampea-saa 0.12 na hutumia maikroampea 2. Betri itadumu miaka mingapi?

2. Kifaa kilicho mbali na koili ndogo kwa sentimita 10 hupokea maikrowati 64. Kitapokea kiasi gani kikiwa sentimita 20?

3. Pampu hutumia wati 6, na njia ya kuipelekea umeme ina ufanisi wa asilimia 75. Ni wati ngapi zinazogeuka kuwa joto njiani?

4. Kwa nini koili moja hutosha katika kifaa cha sikio, lakini kidonge cha kamera huhitaji tatu?

Majibu: (1) Saa 60,000, yaani miaka 6.8 hivi. (2) Maikrowati 1. (3) Wati 8 hutumwa, na wati 2 hugeuka kuwa joto. (4) Koili ya sikio hushikiliwa na sumaku katika mwelekeo mmoja, na kidonge hugeukageuka.